Hans Berger: Tabibu aliyenasa umeme wa ubongo na kuacha doa nyuma yake

KILA siku, katika hospitali nyingi duniani, wagonjwa hulazwa kitandani, wakabandikwa visahani vidogo vya chuma kichwani na kuagizwa wafumbe macho na kutulia. Nyaya nyembamba huunganisha visahani hivyo na mashine, na baada ya muda mfupi mistari yenye mawimbi huanza kujitokeza kwenye skrini.

Mistari hiyo ni alama ya umeme unaozalishwa na ubongo wenyewe. Madaktari hukiita kipimo hicho kwa herufi tatu, EEG, na huwasaidia kubaini aina ya kifafa, kuchunguza matatizo ya usingizi na kufuatilia hali ya mgonjwa aliyepoteza fahamu.

Aliyekianzisha ni Mjerumani Hans Berger, tabibu wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi mjini Jena kwa miaka zaidi ya 40. Ni mtu aliyepuuzwa na wenzake nyumbani, akaja kusifiwa ugenini, kisha akajitoa uhai mnamo 1941.

Ni mtu vilevile ambaye, miongo mingi baada ya kifo chake, nyaraka za kale zilifichua upande wake mwingine ambao wengi waliomsifu hawakuujua.

Mjukuu wa mshairi

Berger alizaliwa Mei 21, 1873 katika kijiji cha Neuses, karibu na mji wa Coburg. Babake, Paul Friedrich Berger, alikuwa daktari. Mamake, Anna, alikuwa binti wa Friedrich Rückert, mshairi mashuhuri na msomi wa lugha za Mashariki aliyefasiri tungo nyingi za Kiarabu na Kiajemi kwa Kijerumani.

Licha ya kulelewa na daktari, kijana huyo hakuwa na haja na udaktari. Macho yake yalikuwa angani. Alijiunga na chuo kikuu akinuia kubobea katika hisabati na elimu ya nyota.

Hata hivyo, hakudumu huko. Baada ya muhula mmoja aliyaacha masomo na kujiandikisha jeshini kwa mwaka mmoja, katika kikosi kilichokuwa mjini Würzburg. Ni huko ambapo tukio la dakika chache lilibadilisha mkondo wa maisha yake.

Siku moja mwanzoni mwa miaka ya 1890, askari hao walipokuwa mazoezini, farasi wa Berger alishtuka na kusimama kwa miguu ya nyuma. Kijana huyo, ambaye hakuwa ametimiza miaka 20, alianguka mbele ya gari la mzinga lililokuwa likivutwa na farasi. Magurudumu yalisimamishwa yakiwa karibu kabisa kumponda. Aliponea chupuchupu.

Jioni ya siku hiyo alipokea telegramu kutoka kwa babake, aliyetaka kujua hali yake. Babake hakuwa amewahi kumtumia telegramu kabla ya hapo. Baadaye Berger alielezwa kwamba dadake, aliyekuwa nyumbani mbali na Würzburg, ndiye aliyeshinikiza itumwe baada ya kujawa ghafla na hofu kwamba nduguye yumo hatarini.

Wengi wangelichukulia jambo hilo kuwa sadfa. Berger hakulichukulia hivyo. Aliamini kwamba hofu aliyoipata chini ya mzinga ilisafiri kutoka akilini mwake hadi kwa dadake. Swali likamganda: ikiwa fikra inaweza kusafiri, basi ni lazima iwe na nguvu ya aina fulani. Je, nguvu hiyo inaweza kupimwa?

Ili kulijibu swali hilo, alizipa nyota kisogo na kusomea utabibu. Alihitimu mnamo 1897 na kuajiriwa katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu cha Jena, iliyoongozwa na Profesa Otto Binswanger.

Miaka ya kuambulia patupu

Kwa watu waliofanya naye kazi, Berger alikuwa mtu wa ratiba isiyobadilika. Alifika kazini kwa wakati, akawatembelea wagonjwa kwa wakati na kuondoka kwa wakati. Alikuwa mkimya, mwenye haya, mkali kwa walio chini yake na asiyependa kuzungumzia mambo yake.

Wachache sana walijua kwamba jioni, baada ya kazi ya kliniki, daktari huyo alijifungia katika maabara ndogo na kuandama lengo ambalo hakuwa tayari kulitangaza.

Kwanza alijaribu kuifuata damu. Aliwachunguza wagonjwa waliokuwa na tundu katika fuvu kutokana na majeraha au upasuaji, akipima jinsi mtiririko wa damu ubongoni unavyobadilika mtu anapofikiri au kuingiwa na hofu. Kisha alijaribu kupima joto la ubongo. Matokeo hayakumridhisha.

Njia ya tatu ilikuwa umeme. Tayari mnamo 1875 Mwingereza Richard Caton, akiwa mjini Liverpool, alikuwa ametangaza kwamba bongo za sungura na nyani hutoa umeme hafifu. Berger alianza kuutafuta umeme huo kwa mbwa kuanzia 1902. Alijaribu tena na tena katika miaka iliyofuata, akaambulia patupu.

Mnamo 1911 alimwoa Ursula von Bülow, ambaye awali alikuwa msaidizi wake katika maabara. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, alihudumu kama daktari wa akili wa jeshi katika uwanja wa vita wa magharibi. Aliporejea, mnamo 1919, alirithi kiti cha Binswanger na kuwa mkuu wa kliniki.

Cheo hicho kilimpa nafasi, vifaa na, zaidi ya yote, wagonjwa. Majeruhi wengi wa vita walikuwa na mafuvu yaliyotobolewa na risasi na vipande vya mabomu. Pale ambapo mfupa haupo, ubongo umetengwa na ulimwengu kwa ngozi tu.

Julai 6, 1924

Ugumu wa kazi hiyo ulikuwa udogo wa kitu kilichotafutwa. Umeme wa ubongo unaofika juu ya ngozi ya kichwa hupimwa kwa sehemu za volti iliyogawanywa mara milioni moja. Wimbi la kawaida huwa na takriban sehemu 50 kama hizo. Betri moja ya tochi, yenye volti moja na nusu, ina nguvu mara 30,000 zaidi.

Kifaa kilichopatikana wakati huo kilikuwa galvanometa ya uzi, iliyoendelezwa na Mholanzi Willem Einthoven kwa ajili ya kupima umeme wa moyo. Einthoven alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mnamo 1924. Lakini umeme wa moyo ni mkubwa mara nyingi kuliko wa ubongo. Berger alikuwa akijaribu kusikia mnong’ono kwa chombo kilichoundiwa kelele.

Mnamo Julai 6, 1924, alimpima kijana wa miaka 17 aliyekuwa akishughulikiwa na daktari mpasuaji Nikolai Guleke kwa tuhuma za uvimbe ubongoni, na ambaye sehemu ya fuvu lake ilikuwa imeondolewa. Uzi wa galvanometa ulitikisika kidogo, ukatulia, ukatikisika tena. Kwa mara ya kwanza, umeme wa ubongo wa binadamu ulikuwa umenaswa na chombo.

Mtu mwingine angelikimbilia jarida la kisayansi. Berger alisubiri miaka mitano. Alikuwa na shaka kubwa na alichokiona. Huenda lilikuwa pigo la moyo. Huenda yalikuwa mapigo ya mishipa ya damu, misuli ya paji la uso, pumzi, au hitilafu ya nyaya.

Ilimbidi aondoe shaka moja baada ya nyingine. Aliwapima wagonjwa, wafanyakazi wenye afya njema na hata watoto wake mwenyewe, akiwemo mwanawe Klaus ambaye alipimwa mara nyingi. Mwanzoni alitumia sindano nyembamba zilizopenyezwa chini ya ngozi ya kichwa, na baadaye vibati laini vilivyofungwa kwa mpira. Mawimbi yalirekodiwa kwenye karatasi ya picha iliyopigwa na miale ya mwanga.

Hatimaye, mnamo 1929, alichapisha ripoti yake ya kwanza. Kipimo hicho kipya alikipa jina la elektroensefalogramu, yaani maandishi ya umeme wa ubongo.

Katika ripoti hizo, zilizofuatana hadi 1938 na kufikia 14, alieleza aina mbili za mawimbi. Mawimbi makubwa ya takriban mizunguko 10 kwa sekunde aliyaita alfa, na madogo yenye kasi zaidi akayaita beta. Majina hayo mawili yangali yanatumika hadi leo.

Aidha, aligundua kwamba mawimbi ya alfa hujitokeza mtu anapofumba macho na kutulia. Akifumbua macho, au akipewa hesabu ya kufanya kichwani, mawimbi hayo hufifia. Mashine ilikuwa imeonyesha tofauti kati ya ubongo uliopumzika na ubongo ulio kazini.

Kuhusu fikra kusafiri kutoka mtu mmoja hadi mwingine, mashine haikuonyesha lolote. Umeme alioupata ulikuwa hafifu mno kuweza kuvuka hata chumba, sembuse nchi. Swali lililomtia katika udaktari halikupata jibu alilolitarajia. Jibu alilolipata lilikuwa la swali jingine kabisa.

Nyumbani apuuzwa, ugenini aenziwa

Ripoti ya 1929 ilipokewa kwa ukimya. Wataalamu wa fiziolojia nchini Ujerumani walimwona Berger kama daktari wa akili aliyejiingiza katika uwanja asioujua. Wengi hawakuamini kwamba kitu chenye sehemu nyingi na kazi nyingi kama ubongo kinaweza kutoa mawimbi yanayokwenda kwa mpangilio sawia.

Wokovu ulitoka Uingereza. Edgar Adrian wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyekuwa ameshiriki Tuzo ya Nobel mnamo 1932 kwa utafiti wa neva, naye hakuyasadiki madai hayo. Akishirikiana na Bryan Matthews, alirudia majaribio ya Berger kwa vifaa bora zaidi, akitumia kichwa chake mwenyewe.

Mawimbi yakatokea. Mnamo 1934 Adrian na Matthews waliyaonyesha hadharani mbele ya wanasayansi mjini Cambridge, na katika makala yao wakayapa jina la mdundo wa Berger. Tangu hapo, mlango ukafunguka.

Mnamo 1935, mjini Boston, Marekani, Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox walieleza mawimbi maalumu ya mizunguko mitatu kwa sekunde kwa wagonjwa wa aina ya kifafa ambacho humfanya mtoto kuduwaa kwa sekunde chache bila kuanguka. Mwaka uliofuata, jijini London, Grey Walter alionyesha kwamba mawimbi ya polepole yanaweza kufichua mahali palipo na uvimbe ubongoni.

Maana ya matokeo hayo ilikuwa kubwa kwa wagonjwa. Kwa karne nyingi, kifafa kilihusishwa na mashetani, laana na uchawi. Sasa madaktari waliweza kuonyesha kwenye karatasi kwamba anayeanguka na kutetemeka amepatwa na msukosuko wa umeme ubongoni, kama vile mwingine anavyopatwa na ugonjwa wa moyo au figo.

Mnamo 1937 Berger alialikwa katika kongamano la kimataifa la saikolojia jijini Paris, ambako alipewa heshima ya kuongoza kikao pamoja na Adrian. Akiwa na umri wa miaka 64, alitambua kwamba jina lake lilivuma zaidi nje ya mipaka ya nchi yake kuliko ndani.

Doa lililofichuka

Kwa miongo kadhaa baada ya vita, Berger alisimuliwa kama mwathiriwa wa utawala wa Adolf Hitler. Ilidaiwa kwamba Wanazi walimchukia, wakamfukuza kazini kwa nguvu na kumzuia kupokea Tuzo ya Nobel.

Simulizi hiyo haikustahimili uchunguzi. Alistaafu mnamo 1938 akiwa na umri wa miaka 65, ambao ulikuwa umri wa kawaida wa kustaafu. Nayo Nobel, ingawa jina lake lilipendekezwa, hakuwahi kutunukiwa.

Mwanzoni mwa karne ya 21, wanahistoria waliopekua nyaraka walibainisha mambo mazito zaidi. Ingawa Berger hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi, alikuwa mfadhili aliyesajiliwa wa SS, kikosi kilichoogopwa mno cha utawala huo. Isitoshe, alihudumu katika mahakama ya rufaa ya masuala ya urithi wa magonjwa mjini Jena.

Mahakama hizo zilitokana na sheria iliyopitishwa Julai 14, 1933 na kuanza kutumika Januari 1, 1934. Sheria hiyo iliruhusu dola kuwafunga uzazi kwa lazima watu waliodaiwa kuwa na magonjwa ya kurithi. Jaji mmoja na madaktari wawili waliketi kuamua nani angenyimwa haki ya kupata mtoto.

Katika orodha ya magonjwa hayo mlikuwa na skizofrenia, upofu na uziwi wa kurithi. Kifafa cha kurithi pia kilikuwemo.

Wanahistoria wanakadiria kwamba takriban watu 400,000 walifungwa uzazi chini ya sheria hiyo hadi utawala wa Nazi ulipoanguka mnamo 1945. Waliokata rufaa huko Jena walikuta, miongoni mwa waliokuwa na mamlaka ya kuwasikiliza, profesa aliyejua vizuri zaidi ya tabibu yeyote nchini jinsi kifafa kinavyoonekana kwenye karatasi. Mahakama hiyo iliidhinisha watu waliofika mbele yake wafungwe uzazi.

Wapo wanaoweza kusema kwamba Berger aliishi katika zama za hofu na kwamba kukataa kulikuwa na gharama. Hata hivyo, mapema 1941, akiwa mstaafu, alipoombwa arudi kuhudumu katika mahakama hiyo alikubali.

Hakuwahi kurudi. Afya yake ilikuwa imedhoofika na alikuwa amezama katika sonona, ugonjwa aliokuwa amewatibu watu wengi kwa miaka mingi. Mnamo Juni 1, 1941, alijitoa uhai katika kliniki ile ile aliyoingia akiwa kijana mnamo 1897. Alikuwa na umri wa miaka 68.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alichapisha kitabu kidogo kuhusu nafsi ambamo alisimulia kisa cha farasi, mzinga na telegramu. Imani yake kwamba fikra za dadake ziliguswa na hofu yake haikuwa imetetereka kwa takriban nusu karne.

Kazi inayoendelea

Kutokana na kipimo hicho na kile cha Einthoven, madaktari wa leo wana familia nzima ya vipimo vya umeme wa mwili. Kipo cha moyo, kipo cha kasi ya ujumbe katika neva za mikono na miguu, na kipo cha misuli ambapo sindano nyembamba hupenyezwa kwenye msuli ili kujua iwapo udhaifu umetoka katika msuli wenyewe au katika neva inayouamrisha.

Wapo wagonjwa wanaoogopa kipimo cha ubongo wakidhani kwamba watapigwa na umeme. Hofu hiyo haina msingi. Visahani vinavyobandikwa kichwani havitii umeme mwilini, bali hupokea ule uliomo tayari. Mashine haisomi mawazo ya mtu, wala haioni siri zake.

Hali kadhalika, kipimo hicho kina mipaka yake. Mtu mwenye kifafa anaweza kupimwa wakati ambapo ubongo umetulia na mawimbi yakaonekana ya kawaida. Ndiyo maana daktari huanza kwa kuuliza mgonjwa na jamaa waliomwona akianguka, kisha akatumia kipimo kuthibitisha au kufafanua alichosikia.

Katika Afrika Mashariki, kipimo hicho kimetumika katika utafiti mkubwa wa kifafa uliohusisha Kilifi nchini Kenya, Ifakara nchini Tanzania, na Iganga na Mayuge nchini Uganda. Utafiti huo ulihusisha kifafa na mambo yanayoweza kuepukika, yakiwemo matatizo wakati wa kujifungua, majeraha ya kichwa na maambukizi ya vimelea.

Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), takriban watu milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha wastani. Shirika hilo linakadiria kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangepata utambuzi na matibabu yanayofaa.

Dawa zipo, na baadhi yake ni za bei nafuu. Lakini bado kuna familia zinazomficha mtoto mwenye kifafa ndani ya nyumba, shule zinazomrudisha nyumbani na wachumba wanaokimbia kwa kuhofia kwamba ugonjwa huo utaingia katika ukoo. Hofu hiyo ya ukoo ndiyo iliyogeuzwa sheria nchini Ujerumani mnamo 1933, na Berger akaketi kuitekeleza.

Mawimbi aliyoyanasa yalimwonyesha kwamba kifafa ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Elimu hiyo ilikuwa mikononi mwake alipoingia mahakamani, na haikuwafaa kitu waliosimama mbele yake. Imewafaa mamilioni waliokuja baadaye, kupitia kwa madaktari walioitumia kwa nia ya kuponya.